Chachu ya Mzee Ngosha

Odeta alipoanza kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, majirani zake wa Buswelu walisema ni muujiza. Yeye alilikataa neno hilo. Alikuwa amesomeshwa na masista tangu utoto, kisha naye akafundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu, na alishikilia kwamba kila kitu kina jina lake, nacho sharti kiitwe kwa jina hilo. Huu haukuwa muujiza, ulikuwa unga. Unga wa kahawia uliotoka kwa Mzee Ngosha, mganga wa miti shamba wa Misungwi, ambao aliukoroga kijiko kimoja katika maji ya moto kila asubuhi baada ya sala. Magoti yaliyomtesa kwa miaka mingi yalikuwa yamenyamaza.

Teodora, binti wa kaka yake, alikuwa mkemia katika maabara ndogo ya Nyamagana iliyokuwa ikipima dawa, za viwandani na za asili. Mama yake alifariki yeye akiwa angali ananyonya, na shangazi huyo ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamchapa ilipobidi. Siku moja ya Jumapili alikwenda kumsalimu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, daktari wa chupa. Umekuja kunitazama mimi au kuutazama unga wangu?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na mimi, nisije nikaona wivu."

Teodora alicheka, lakini moyo wake haukutulia. Alijua kwamba goti lililolika halifanyiki jipya kwa majuma machache. Odeta, ambaye alikuwa amezoea kusoma nyuso za wanafunzi, aliusoma na uso huo.

"Sema. Unga wangu una neno?"

"Sijui, shangazi. Ndiyo maana nataka kuupima."

"Vema. Nenda kwa Ngosha mwenyewe, umwambie umetumwa na mimi. Sipendi mtu apekuliwe kwa siri kama mwizi. Ukiniambia ni safi, nitaendelea. Ukiniambia si safi, nitaacha siku hiyo hiyo."

Katika maabara yoyote iongozwayo vema, kuna kanuni isemayo kwamba sampuli haiombwi kwa mwenye dawa. Hununuliwa na mtu asiyejulikana, pale inapouzwa, kutoka katika chombo kile kile wanachochotewa wagonjwa. Teodora aliijua kanuni hiyo. Lakini alifika nyumbani kwa mzee, akiwa na salamu za mwalimu, akakaribishwa kiti, akaletewa maji ya kunywa na karanga. Ngosha alimwita "binti yangu", akatoa mizizi na magome yaliyokauka, akayatwanga katika kinu mbele ya macho yake, akayachekecha, akamfungia unga ungali na joto la mchi. Msichana aliyelelewa vizuri angesemaje hapo? Angesema, mzee, sitaki hii uliyonitwangia, nichotee ile ya kwenye debe? Alishukuru kwa mikono miwili akaondoka.

Kesho yake aliupima. Aliutia unga katika chupa, akaumiminia spiriti kali ili uachie vilivyomo, akauchuja kwa karatasi. Kwa mrija mwembamba wa kioo akadondosha tone dogo la maji yale karibu na ukingo wa chini wa kibao kilichopakwa chokaa laini, na pembeni yake matone ya dawa za viwandani, zile ambazo wadanganyifu hupenda kuzificha ndani ya miti: za maumivu, za sukari, za uvimbe. Akakisimamisha kibao ndani ya gudulia la kioo lenye kimiminika kidogo chini. Kimiminika hicho hupanda polepole, kama mafuta yanavyopanda utambi, kikibeba kila kitu na kukiacha katika kimo chake. Dawa mbili zilizo moja husimama kimo kimoja. Alipokitia kibao chini ya taa, aliona rangi za miti peke yake: kijani, manjano, hudhurungi. Katika vimo vya dawa za viwandani hapakuwa na kitu.

"Ni safi, shangazi," alisema kwa simu. "Ni mizizi mitupu."

Odeta hakuwa mtu wa kuficha jambo jema. Katika jumuiya yao ndogo ya sala alisimama akatangaza kwamba dawa imepimwa, na imepimwa na mtoto wake mwenyewe. Wanawake wenye magoti, viuno na mabega wakaanza kwenda Misungwi. Hata Maulida, jirani yake Mwislamu aliyeuza vitambaa sokoni, ambaye hakuwahi kumwamini mganga yeyote, aliagiza unga wake.

Mvua zikaja, zikapita. Uso wa Odeta ulijaa, mashavu yakawa mekundu kidogo, tumbo likatangulia mbele. Watu walimsifu kwamba amenawiri. Maulida alimtania kwamba uzee umemkimbia, labda kuna mchumba. Teodora, ambaye kazi zilikuwa zimemzuia, alipofika hakuona kunawiri. Aliona mikono iliyokonda chini ya mwili ulionenepa, michubuko ya zambarau mahali ambapo hapakugongwa na kitu, na nundu laini nyuma ya shingo. Aliomba kijiko kimoja cha unga kutoka katika kopo la shangazi.

Safari hii, chini ya taa, palikuwa na doa jeusi kimo kimoja na tone la deksamethasoni, ile dawa kali ya viwandani ya uvimbe. Hakuamini. Alirudia kwa kibao kingine na kwa kimiminika kingine, kisha akaingiza maji yale katika mashine kubwa, nayo ikatoa jibu lile lile. Nurudin, aliyefanya naye kazi chumba kimoja, alisimama nyuma yake akitazama.

"Ile ya kwanza uliipata wapi?"

"Nilipewa na mzee mwenyewe."

"Akaitwanga mbele yako?"

"Mbele yangu."

Nurudin alitikisa kichwa. "Dada, ulipima heshima. Dawa hukuipima."

Teodora alikwenda Misungwi siku hiyo hiyo. Ngosha alimpokea kwa furaha, akaagiza kiti.

"Sikai, baba. Unatia nini katika unga?"

"Miti. Uliiona."

"Na nini tena?"

"Aa, chachu?" Mzee alisema bila kubabaika. "Kidogo tu. Miti inafanya kazi, binti yangu, lakini inatembea polepole, na wagonjwa wa siku hizi hawana subira. Vile vidonge vidogo vinauamsha unga. Mama akikupa andazi, anakuambia amekupa chachu?"

"Kwa nini hukunipa huo wenye chachu?"

Ngosha alimtazama kama mtu aliyetukanwa barazani kwake. "Ulikuja mgeni, na salamu za mwalimu. Nikuchotee kiporo cha kwenye debe? Na wewe uliomba nini? Uliomba dawa yangu ya miti. Nikakupa miti."

Wala hakuwa akisema uongo. Hilo ndilo lililomkata Teodora maini. Alimweleza habari ya mifupa inayooza, ya sukari inayopanda, ya tezi zilizo juu ya figo ambazo hulala zikiletewa kazi yao tayari imefanywa. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Lakini mwalimu anatembea, au hatembei?"

Huko Buswelu mambo yakawa magumu zaidi. Odeta alilisikia neno lote akiwa ameketi wima, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo si safi."

"Si safi, shangazi. Lakini usiache ghafla. Mwili wako umesahau kujitengenezea kitu hicho. Ukiacha mara moja utaanguka. Kesho nakupeleka hospitali, watakupa vidonge, utapunguza kidogo kidogo."

"Vidonge vya nini?"

"Vya jamii hiyo hiyo."

"Hebu nielewe vizuri, maana mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Ulisema ni safi, nikala. Leo unasema ni sumu, na kwa kinywa hicho hicho unasema niendelee kula. Ngosha ananipa kitu, daktari naye ananipa kitu hicho hicho. Tofauti yao ni ipi?"

"Daktari anakitaja jina, shangazi. Na anakipima."

"Na wewe ulikipima."

Odeta alisimama, akachukua kopo, akaenda kulimwaga chooni.

Hospitali alikwenda kesho yake, kwa kuwa Teodora alimsihi. Daktari alieleza kwa upole, akaandika vidonge, akaonya. Odeta alimshukuru, akavichukua, na alipofika nyumbani akaviweka mezani, akasema wazi kwamba hatavila. Hakusema kwa hasira. "Nimewaambia watoto maisha yangu yote kwamba uongo hauachwi kwa kupunguza kijiko. Unaachwa. Nimewapeleka wanawake wa watu kwa Ngosha kwa kinywa changu. Nisimame mbele yao nikiwa ningali nakula kitu kile kile?"

"Shangazi, huu si uongo, ni kemia."

"Kemia yako ilikuwa safi mwezi ule. Niache, mwanangu."

Siku zilizofuata aliishiwa nguvu. Chakula kilimchafua moyo, viungo viliuma kuliko zamani, akisimama macho yaliingia giza. Teodora aliomba ruhusa kazini, akahamia kwake. Alisihi, alilia, alimwita katekista aje kuzungumza naye. Katekista alikuja, akasikiliza pande zote mbili, akasema kwamba mwalimu ana msimamo wa kupigiwa mfano. Teodora akatamani kumfukuza.

Ndipo asubuhi moja, jikoni, alichukua kidonge kimoja kati ya vile vya hospitali, akakisaga kwa mgongo wa kijiko juu ya kisahani. Mikono yake ilikuwa hodari kwa kazi hiyo. Alikuwa amesaga vidonge maelfu. Akakitia katika uji wa ulezi, akaongeza sukari, akakoroga mpaka hapakuwa na dalili. Alijua barabara anachokifanya, na alijua ni nani wa Misungwi aliyekifanya kabla yake. Lakini shangazi angeishi.

Odeta alikunywa funda moja, akaliweka bakuli chini.

"Uji huu mchungu."

"Ni ulezi, shangazi. Labda umeungua kidogo."

"Teodora."

Jina hilo, likitamkwa hivyo, lilikuwa halijawahi kumwacha aseme uongo tangu alipokuwa mtoto. Aliinamisha kichwa.

"Umetia nini?"

"Dawa."

Shangazi hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alilisukuma bakuli kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, akasema, "Hata wewe," akageukia ukutani. Tangu saa hiyo hakupokea tena chochote, hata maji, kutoka mkononi mwa mtoto aliyemlea. Maulida ndiye aliyekuwa akimnywesha, na Maulida hakukubali kutia kitu ndani ya maji ya mtu bila ridhaa yake; alisema dini yake haimruhusu, na Odeta akamwambia ahsante.

Alianguka mchana mmoja, akitoka kuoga. Walimwingiza katika bajaji, Maulida akimshika kichwa, Teodora akimpapasa mkono kutafuta mapigo ambayo yalikuwa yakizidi kuwa membamba. Hospitali walikuwa na sindano inayohitajika. Walimchoma. Mwili haukuitika. Jua lilikuwa lingali juu ya ziwa, watu wakinunua sato barabarani, alipofunikwa shuka.

Msiba ulijaa. Wanawake wa jumuiya waliketi juu ya mikeka, na katikati ya nyimbo walinong'onezana, na Teodora aliona kwamba wanamtazama. Nyuso nyingi kati ya hizo zilikuwa za mviringo, zenye mashavu yaliyojaa. Alizihesabu akaacha.

Hatimaye Maulida alimsogelea, akaketi karibu naye. Hakuwa na ubaya.

"Mwanangu, nikuulize mbele ya wote, ili maneno ya pembeni yakome. Wanasema dada Odeta amekufa kwa sababu aliacha dawa ya Ngosha. Wewe ndiye uliyesoma. Ni kweli au si kweli?"

Nyimbo zilikuwa zimekatika. Teodora alitafuta ndani ya elimu yake yote neno ambalo lingekuwa la kweli bila kuwaua, akalikosa.

"Ni kweli," alisema.

Mnung'uniko ukapita mikekani. Alisimama haraka, akapaza sauti. "Nisikilizeni. Dawa ile ina kitu cha kiwandani ndani yake. Inawaharibu mifupa, inawaharibu damu. Lakini msiache ghafla! Njoni wote hospitali, mimi nitawapeleka, mtapunguziwa kwa utaratibu. Msiache ghafla. Shangazi aliacha ghafla."

Walimsikiliza wote, wakiitikia kwa vichwa. Mama mmoja mnene aliyeketi mlangoni, aliyekuwa amechelewa kusikia mwanzo, akamuuliza mwenzake, "Anasemaje?"

"Anasema tusiache."

"Nani, yule mkemia mwenyewe?"

"Mwenyewe. Amepiga na kelele."

Mama yule alifungua pindo la kanga, akatoa simu, akatoka nje kumpigia Ngosha amwekee makopo mawili. Teodora alimfuata mpaka uani, akamshika mkono, akaanza kumweleza upya tangu mwanzo, na mama yule, kwa huruma iliyo ya kweli, akamkumbatia akamwambia, "Pole sana, binti yangu. Tumekuelewa. Hatutaacha."