Mji Hupimwa kwa Ndimu

Mke wangu Khatija alitangaza kuhama Jumamosi moja, chai ikiwa bado mdomoni mwangu. Alisema amechoka kuishi makaburini. Makaburi aliyokusudia ni Thornhill, kitongoji cha Toronto huku Kanada, ambako tumekaa tangu watoto wakiwa wadogo, na ambako tukiulizwa na wageni tunasema "Toronto" ili kufupisha maelezo.

"Hapa si mjini," alisema. "Nakwenda Marekani, kwa mtoto anayeishi mjini kweli kweli. Wewe ukitaka nifuate."

Nilijua kinachomuuma. Macho yangu yaligoma, leseni ikachukuliwa, tukaiuza ile Corolla yetu ya kijani, na tangu hapo nyumba ikanyamaza. Majira yote ya baridi msikiti tuliutazama kwenye simu. Mwanamke aliyezoea kukaa mlangoni mwa duka letu Mwanza akigombana na mtaa mzima, sasa alikuwa na mimi tu wa kugombana naye, na mimi nachoka haraka. Lakini kuhama sikutaka. Niliogopa, nasema wazi. Mzee akihamishiwa kwa mwanawe anageuka mzigo wa kusogezwa kila mtu anapotaka kupita.

Wanetu watatu wako Marekani, na walipokusanywa kwenye simu ya video kila mmoja alidai mji ni wake. Mwanetu Askari alisema Houston ina mamilioni ya watu. Muntazir, ambaye ni mhasibu na hali chapati bila takwimu, alisema ukichukua Los Angeles na vitongoji vyake vyote, watu wamebanana kuliko New York na vitongoji vyake. Shireen, ambaye yuko New York, alicheka kwa dharau mpaka nikamwonea aibu.

"Takwimu hazijui kusalimia," Khatija aliwakatiza. "Tokeni nje sasa hivi, kwa miguu, kila mmoja aninunulie ndimu. Simu mkononi, nawaona. Atakayepanda gari ameshindwa."

"Mummy, are you serious?" aliuliza Askari.

"Ndimu," alisema mama yake.

Askari alitoka kwanza. Nyumba za mtaani kwake ni kubwa kama hospitali na zimeachana kama watu waliokosana. Njia ya miguu iliishia penye mtaro, akaanza kutembea majanini. Hakuonekana binadamu. Baadaye gari likasimama, jirani yake akamuuliza kwa huruma kama gari lake limemharibikia. Aliposikia anatembea tu, alimwonea huruma zaidi. Askari akafungua mlango wa gari.

"Shuka!" alipiga kelele mama yake kutoka Thornhill. Mtu mzima mwenye watoto, akashuka.

Muntazir alianza vizuri. Kweli nyumba za kwake zimesongamana, ukuta kwa ukuta, lakini wenyewe wote walikuwa ndani ya magari, wamekwama barabarani wakitazama mbele. Alitembea, akatembea, jasho likamtoka. Mwishowe akaona tawi la mndimu limetokeza juu ya uzio wa mtu, akanyoosha mkono.

"Muntazir! Umeomba?"

"Mummy, limetoka nje ya uzio."

"Na wewe umetoka tumboni mwa nani? Mama wa mwizi?"

Akaurudisha mkono mfukoni.

Shireen hata koti hakuvaa. Alishuka ngazi, akaingia duka la chini ya jengo lao, akatoka na ndimu. Chai yangu haikuwahi kupoa. Njiani alipishana na watu wengi kuliko niliowaona mimi tangu theluji ya kwanza, na Khatija aliwatazama wote kwa uchu.

"Yule mama uliyempita kwenye ngazi ni nani?"

"Sijui, Mummy. Anakaa mlango wa pili, I think."

"Basi nikija nitamjua mimi," alisema Khatija, akainuka kutafuta sanduku.

"Bado Toronto haijapimwa," nilisema.

Walicheka wote wanne, na hicho kicheko ndicho kilichonivalisha viatu. Nilichukua simu, nikamwachia Khatija tableti, nikatoka.

Mtaani kwetu nilipita nyumba baada ya nyumba bila kumwona mtu. Nilipofika Barabara ya Bathurst upepo ulinipiga makofi, na taa ya kuvukia ikaanza kunihesabia sekunde kwa dharau. Nilikuwa nimeanza kukubali kwamba mke wangu ana haki, nikasikia honi. Qurratulain, ambaye zamani alikuwa akipika na Khatija jiko la msikitini, alishusha kioo.

"Uncle Akberali! Mmerudi lini?"

"Kutoka wapi?"

"Si mlihamia Houston? Gari lenu halionekani msikitini, tukasema wameshakwenda kwa Askari."

Nilisimama palepale. Kumbe hatukusahauliwa. Huku kwetu mtu ni gari lake, na sisi Corolla yetu ilipopotea watu walituhamisha Marekani, wakatuombea heri, wakaendelea na maisha. Machozi yalinilenga, nikausingizia upepo.

"Gari tumeliuza," nilimwambia. "Sisi tupo."

"Basi panda!"

"Siwezi. Nikipanda nimeshindwa."

"Umeshindwa nini?"

"Mji."

Hakuelewa, lakini ni mwanamke wa heshima, akawasha taa za tahadhari na kunifuata polepole. Nyuma yake likasimama gari la pili, la mzee tuliyekuwa tukiwekeana nafasi kwenye majlisi za msikitini. Alitoa kichwa dirishani akauliza nani amefariki. La tatu liliona la pili, likajiunga. Nilipofika supamaketi nilikuwa na msafara, na honi za wasionijua zilikuwa zinalia mpaka makutano ya taa.

"Daddy, is that a funeral?" aliuliza Askari ndani ya simu.

"Ni msongamano," alisema Muntazir, kwa sauti ya mtu anayetafuta kalamu.

Nilinunua ndimu, nikarudi kwa miguu, msafara nyuma. Khatija hakutia neno njia nzima, nikahofia amelala, au anakunja nguo. Nilipoingia mtaani kwetu nilimkuta mlangoni, mtandio umekaa sawa, na harufu ya vitunguu ikitoka nyuma yake.

"Wote hawa nitawalisha nini?" alinifokea. "Huna akili? Huwezi kupiga simu kwanza?"

Alikuwa amekasirika kabisa, kama zamani. Sikuwa nimesikia kitu kizuri hivyo majira yote ya baridi. Qurratulain alikuwa ameshavua viatu na kuelekea jikoni, na yule mzee bado anauliza nani amefariki.

"Mummy, so nikate tiketi?" aliuliza Shireen.

Khatija alininyang'anya simu. "Nitakupigia baadaye, mwanangu. Nina wageni."

Akaikata. Kisha akachukua ndimu yake, akanituma nikaazime viti kwa jirani wa mlango wa pili, ambaye miaka yote hii sikuwahi kumuuliza jina.