Anga Safi, Hakuna Jipya

Mwalimu Falis hakuvua hata viatu. Lori la binamu yake Abdighani lilimshusha langoni saa nane mchana, vumbi la barabara ya Garbatulla limemjaa hadi kwenye kope, na siku tano tu zimepita tangu amzike dada yake. Mtu mwingine angeingia ndani akaoge, aswali, ajilaze. Yeye alipita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, kwenye meza iliyo chini ya bati, akafungua faili la karatasi za jua.

Usimcheke. Miaka tisa nzima, tangu alipostaafu kufundisha fizikia, kila asubuhi saa tatu mama huyu alikuwa akielekeza darubini yake ndogo juani. Hakutia jicho pale, hasha, maana angepofuka siku hiyohiyo. Aliacha mwanga upite ndani ya darubini uangukie kadi nyeupe, na hapo jua likasimama, ukubwa wa kisahani cha chai, na madoa yake meusi yote. Falis aliyachora kwa penseli ndani ya duara. Bonaya, dalali wa mifugo na jirani yake, alikaa kando ameshika saa, akiandika dakika na hali ya anga. Mwisho wa mwezi karatasi zilipigwa picha na kutumwa kwa chama cha watazamaji wa jua, watu wa nchi nyingi wasiolipwa hata ndururu kwa kazi hiyo. Siku ya mawingu duara liliachwa tupu, chini yake neno moja: mawingu. Kuchora usichokiona, kwa Falis, kulikuwa sawa na kula kiapo cha uongo.

Na kulikuwa na kitu kimoja alichokitamani mpaka kikamkosesha usingizi. Mara chache sana, juu ya kundi kubwa la madoa, jua hulipuka kwa nguvu za ajabu, na mlipuko huo ukaonekana hata kwenye kadi: weupe mkali unaowaka dakika tano hivi, kisha basi. Wako watu waliotazama jua hadi wakaota mvi wasiuone. Falis alitaka kuuona mara moja tu, auchore kwa mkono wake, halafu Mungu amchukue akipenda.

"Mwalimu, wewe unangoja jua likupe salamu," Bonaya alikuwa akimtania.

"Litanipa. Wewe shika saa yako."

Kisha Deka akaugua huko Garbatulla, na akaugua wakati mbaya. Asubuhi ileile simu ilipokuja, kundi la madoa ambalo Falis hajawahi kuona mfano wake lilikuwa limechungulia kwenye ukingo wa kulia wa kadi. Aliona haya mwenyewe, lakini ukweli ni kwamba alisita. Dada wa tumbo moja yuko kitandani, na yeye anasita kwa sababu ya madoa! Bonaya ndiye aliyemtoa.

"Nenda kwa dada yako. Jua niachie mimi. Wallahi sitakosa hata siku moja."

Akaenda.

Siku ya tisa, alikuwa akimlisha Deka uji, redio ndogo ya masafa mafupi ikisoma habari za mbali pale dirishani. Saa tatu na dakika kumi na saba sauti ya mtangazaji ilizama, ikabaki shuu tupu. Falis alizungusha kitufe huku na huku. Stesheni zote kimya. Betri mpya. Akaweka bakuli la uji chini, kwa sababu alijua kinachoua redio hivyo mchana kweupe.

"Abaayo, dada yangu, kuna nini?" Deka aliuliza.

"Jua limelipuka."

Alimpigia Bonaya. Simu ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikalia tena mpaka ikakatika, na hapo Falis akacheka kwa sauti, yeye ambaye hakuwa amecheka wiki nzima. Sheria yao ilikuwa moja tu: penseli ikiwa juu ya karatasi, simu haiguswi, hata apige nani.

"Hashiki! Yuko kazini! Amelipata, Deka, amelipata!"

Deka, aliyemwita kichaa miaka yote tisa, alimshika mkono kwa vidole vyake vilivyobaki mifupa. "Basi tumelipata," alisema. Jioni ujumbe ukaingia kutoka kwa Bonaya: *Kila kitu kiko kwa karatasi. Wewe mwangalie dada.* Falis alimsomea mgonjwa mara mbili. Baada ya siku mbili Deka akafa. Siku zote za matanga, kila machozi yalipomzidi, Falis alijiambia kwamba kuna karatasi inamngoja nyumbani Isiolo.

Sasa alikuwa ameishika. Mchoro ulikuwa safi, wa kupendeza. Kundi kubwa lilikuwapo, kila doa mahali pake. Weupe haukuwapo. Chini, kwa mwandiko wa Bonaya: *Saa 3:05 hadi 3:30. Anga safi. Hakuna jipya.*

Alikaa kwenye kiti. Labda macho ya Bonaya hayakuona, alijipoza. Mzee wa watu, peke yake, amebabaika. Akafungua karatasi ya siku ya kwanza aliyoondoka, akailinganisha na ile aliyoichora mwenyewe. Yeye aliliacha kundi ukingoni upande wa kulia. Kesho yake, kwenye mchoro wa Bonaya, liko ukingoni upande wa kushoto. Siku ya tatu limesogea kuelekea kulia, na ya nne, na ya tano. Kwenye kadi ile, miaka tisa, madoa yaliingia kulia yakatokea kushoto, kwa maana kadi huonyesha jua kama kioo kinavyokuonyesha uso wako. Ni kwenye picha za satelaiti, zile za kwenye simu, tu ndiko yanakotembea kinyume. Bonaya alishika saa miaka tisa, penseli hakuishika hata siku moja, na hakuwahi kugundua.

Alipofika jioni na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, akitoa salamu na pole, alikuta karatasi kumi na sita zimepangwa mezani.

"Aleikum salaam. Kaa," Falis alisema. "Siku ya tisa, saa tatu na robo, ulikuwa wapi?"

Bonaya alitazama karatasi, kisha chupa yake. "Mwalimu, tumetoka kuzika…"

"Nimezika mimi. Nakuuliza ulikuwa wapi."

"Mnadani."

"Simu?"

"Niliiona. Ningeshika, ungesikia mbuzi." Alikaa polepole. "Siku mbili za kwanza nilikuja, wallahi. Nilikaa hapa. Siku ya tatu sikuweza. Nikawa nachora jioni nyumbani, kutoka kwa simu. Picha ni za satelaiti, Mwalimu, ni nzuri kuliko zetu. Nikasema, nani ataumia?"

"Siku mbili ulikuja, na hata hizo karatasi zake ni za simu."

"Kuchora kulinishinda. Mkono unatetemeka."

"Ungeacha duara tupu! Ungeandika umeshindwa! Mtoto wa darasa la tatu anajua kuandika hivyo!" Sauti ilimpanda mpaka kuku wakatawanyika. "Ukaandika anga safi. Ukaandika hakuna jipya. Siku ile, Bonaya, siku ile katika siku zote za Mungu!"

Mzee alijibu kwa upole, na huo upole ndio uliomkata Falis maini.

"Mimi sikuwa nakuja kwa sababu ya jua. Mke wangu alikufa, nikawa sina pa kukaa asubuhi. Nilikuja kukaa na wewe. Ulipoondoka, hapa palikuwa meza tu. Nilidhani unajua."

Falis hakuwa anajua. Angeambiwa hivyo mwaka mmoja nyuma, huenda angeona aibu, angecheka, angemwongeza chai. Sasa alihisi uchungu tu, kwa sababu Deka alikwenda kaburini akiamini jambo ambalo halikutokea, na aliyemwaminisha ni yeye.

"Basi hukunidanganya siku kumi na sita," alisema. "Umenidanganya miaka tisa. Nenda nyumbani, Bonaya. Saa iache."

Aliiacha mezani, na chupa ya chai pia. Falis alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye kila karatasi, moja baada ya nyingine, na chini ya kila mstari akaandika: *Hakuna aliyetazama.* Kisha akazituma vilevile zilivyo, na maelezo mafupi, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuzituma.

Jibu la chama lilikuja asubuhi ya tatu, akiwa anajiandaa kutoka. Waliwashukuru Mwalimu Falis na Bwana Bonaya kwa uaminifu wao. Mlipuko ule, waliandika, kwa vipimo vya satelaiti ulikuwa mkubwa kuliko yote waliyopata kurekodi, ila saa ile wanachama wao wengine wote walikuwa chini ya mawingu au gizani. Kituo pekee kilichokuwa na anga safi kilikuwa Isiolo. *Tulikuwa tunawangoja ninyi.*

Alilisoma mpaka mwisho, akaweka simu kando. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili, na mbinguni hakuna hata kiwingu. Alitoka hadi mezani, akaielekeza darubini, akanyanyua ubao wenye karatasi mpya kwa mkono mmoja na saa ya Bonaya kwa mkono wa pili. Jua likasimama kwenye kadi, jeupe, tupu, lile kundi kubwa limeshazungukia nyuma. Akabaki amesimama hivyo, dakika zinapita, maana hakuwa na mkono wa kushikia penseli.