Supu ya Likizo

Kitambaa cha thelathini na moja kilikuwa na doa la mvinyo lililogoma kutoka, na Pasi alikuwa amekiinamia akilisugua kwa ncha ya kidole wakati meneja alipopita mlangoni. Jina lake halikuwa Pasi, ila miaka kumi na miwili ya kunyoosha vitambaa vya meza vya mkahawa ule ilikuwa imelifuta lile jingine. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, hakina dirisha, na kabla ya saa nne asubuhi mvuke ulikuwa umeshamlowesha mpaka mgongoni. Kutoka pale mpaka ukumbini palikuwa na hatua ishirini na mlango mmoja wa kusukuma. Hakuwahi kuusukuma saa za wateja.

"Bosi," aliita. "Ni leo, saa saba. Ulisema nikukumbushe."

Meneja alisimama, akatazama saa yake kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiombwa afue. "Meza ya watu wawili, ile ya karibu na mlango wa jikoni. Mtaingia kwa mbele kama wateja, na hiyo sare uivue. Utalipa kama wanavyolipa wengine. Na tafadhali, mama, usianze kupiga soga na wahudumu."

"Nashukuru sana, bosi."

Alishukuru kweli, tena kwa moyo wote, na hilo ndilo linalonikera kila nikilikumbuka. Ili aipate hela ya mlo huo alikuwa ameuza likizo yake ya mwaka. Wiki mbili alizostahili kukaa nyumbani na miguu yake iliyovimba alizifanyia kazi, akalipwa badala ya kupumzika. Wiki mbili za mvuke, kwa chakula cha mchana cha watu wawili, juu ya kitambaa alichokinyoosha mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi wa vigae, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Uvimbe ulipoonekana kooni mwake ulikuwa mdogo. Daktari alisema hivyo mwenyewe. Mashine ya mionzi ilikuwa mbovu, wakaambiwa wasubiri kipuri. Kipuri kilichukua miezi mitano kwa sababu barua yake ilikuwa mezani kwa mkubwa aliyekuwa safarini, na uvimbe haukuwa safarini. Mionzi ilipoanza, kazi ilikuwa imeshakuwa kubwa kuliko mashine. Sasa Jumatatu angelazwa, awekewe mpira tumboni, na tangu hapo chakula chake chote kingepita kwenye mpira. "Mpe anachokipenda, mama," daktari alikuwa amemwambia Pasi wiki tatu nyuma, alipopanga tarehe. "Kabla ya mpira." Kisha akaita namba inayofuata.

Nyumbani kulizuka ubishi. Binti yao alifanya kazi kwenye ule mkahawa wa taa nyekundu wenye matawi kila mtaa, na hakuelewa mama yake amepatwa na nini.

"Hela yote hiyo kwa supu na majani mawili juu ya sahani kubwa? Mama, mlete kwetu."

"Kwenu wapi? Kwenye trei za plastiki?"

"Trei hailiwi. Kwetu mtu anajua anachokinunua. Matawi arobaini, kuku ni yule yule, chipsi ni zile zile, mpaka chumvi inapimwa na mashine. Kule kwenu mpishi akiamka vibaya, umeliwa."

"Kule kwetu supu inapikwa siku mbili. Kwenu inatoka kwenye mfuko, mnaukata kwa mkasi. Umenihadithia mwenyewe."

"Kwa mkasi, ndiyo, na mtu anashiba na nauli inabaki."

Fundi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shingo imekuwa nyeusi kwa mionzi. Sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono. "Mbona mgonjwa haulizwi?" alisema. "Mimi nitakula popote. Ila nataka nikaione ile sakafu. Nasikia aliyeipanga alikuwa amelewa."

Walicheka wote watatu. Pasi alicheka huku amegeuka ukutani, kwa sababu machozi yalikuwa karibu. Hakuwa na maneno ya kumweleza binti yake kwamba haikuwa habari ya supu. Miaka thelathini na mbili Fundi alikula chakula cha mchana amechutama kwenye majengo ya watu, sahani juu ya mfuko wa saruji, na majengo yakiisha hakuruhusiwa kuyarudia. Alitaka siku moja tu mumewe avutiwe kiti na aitwe bwana. Alitaka iwe wakati bado anameza.

Saa saba kamili waliingia kwa mlango wa mbele. Fundi alikuwa amevaa koti la harusi yao, ambalo sasa lingeweza kumtosha yeye na mwenzake. Alitembea ameinamisha kichwa, na Pasi alidhani ni unyonge, kumbe alikuwa anakagua vigae.

"Cha tatu kutoka mlangoni kimepanda," alinong'ona. "Atakayejikwaa hapo hatajua nani wa kumlaumu."

"Kaa, wewe. Hapa hujaja kazini."

Mhudumu aliyekuja alikuwa mtu wa makamo, mwenzake wa miaka mingi, aliyemletea Pasi marundo ya vitambaa vichafu kila siku. Alijifanya hamjui, kama alivyoagizwa, lakini alipomvutia Fundi kiti alisema, "Karibu sana, bwana," na Pasi alimshukuru kwa macho. Chini ya kidole chake, pembeni mwa meza, alikuta mshono mdogo alioushona mwenyewe mwezi uliopita mahali palipochomwa na sigara. Akaweka uma juu yake.

Mlo uliuzwa mzima, hatua nne kwa bei moja, na kwa hela yake ulitosha wa mtu mmoja na maji ya wa pili. Hesabu ya watu wawili ilikuwa imeshapitwa na bei mpya zilizobandikwa wiki hiyo hiyo. Pasi hakumwambia mumewe. Alisema harufu ya jikoni imemshibisha miaka kumi na miwili, leo hana njaa.

Supu ya maboga ilikuja kwenye bakuli jeupe, na mstari wa malai umechorwa juu yake kwa ustadi. Fundi aliitazama kwanza. Kisha akachota, akameza, akafumba macho.

"Vipi?" Pasi aliuliza.

"Acha." Alichota tena. "Acha kabisa, mke wangu. Hii ndiyo hela."

Alikula bila kusimama. Mtu ambaye nyumbani bakuli la uji lilimchukua saa nzima alikuwa anameza kijiko baada ya kijiko, na machozi yalimtoka yakashuka mpaka kwenye ukosi wa koti. Pasi naye alilia, kimya kimya, kwa furaha. Alijiambia kuwa hata angeuza likizo tatu asingejuta. Alimwangalia mpaka bakuli likabaki jeupe.

Ndipo aliposikia viti vikisogea. Kwenye meza ya dirishani mwanamke mmoja alikuwa ameshika leso mdomoni, na bwana wake anapunga mkono. Meza ya pili nayo ilirudisha bakuli. Wahudumu walipita mbio, meza kwa meza, kuanzia za mbele. Walipofika ile ya mlango wa jikoni, yule mwenzake aliinama sikioni kwa Pasi.

"Msiile hiyo supu. Wapishi wamepokezana zamu, na kila mmoja katia chumvi ya kwake. Hailiki." Kisha akaliona bakuli. Lilikuwa tupu.

Pasi alichukua kijiko cha mumewe, akakwangua tone lililobaki chini, akalitia mdomoni. Chumvi ilimkamata koo mpaka akakohoa, na koo lake lilikuwa zima.

Alimtazama mumewe. Fundi alikuwa anatazama sakafu.

"Tangu lini?" Pasi aliuliza.

"Wiki ya tatu ya mionzi. Ulimi ulilala, haujaamka. Daktari alisema hutokea. Siku ile wewe ulikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa."

"Na uji wangu? Kila asubuhi unaniambia leo nimeupatia."

"Uji wako naukumbuka."

"Ilikuwa inakuchoma," Pasi alisema. Haikuwa swali. "Ulikuwa unalia kwa maumivu, mimi hapa nachekelea."

"Ningeiachaje?" Sauti ilikuwa imepungua zaidi, na kila neno lilimfanya akunje uso. "Umeifanyia kazi wiki mbili."

Hatua ya pili ilikuja, samaki kwenye sahani pana, na Fundi hakuweza hata kumeza mate. Pasi alimwita meneja. Alisema kwa upole, kwa ile sauti ya chumba cha kufulia, kwamba mgonjwa ameumia, hawezi kuendelea, na kama inawezekana basi alipie kidogo tu, au wamfungie samaki aende naye.

"Hapa hatufungi chakula, mama, unajua utaratibu wetu. Na seti ikishaanza inalipwa nzima."

"Wale wa dirishani nimeona hawajalipa supu."

"Wale walirudisha." Meneja alionyesha bakuli kwa kalamu. "Ninyi mmeimaliza."

Pasi alilipa. Noti alizokabidhi zilikuwa bado na mikunjo minne, kwa sababu alizificha ndani ya soksi. Alipoinuka, mikono ilichukua leso ya mezani, ikaikunja pembe kwa pembe na kuibana kwa kiganja ikawa kama haijaguswa. Hasira ilimpanda alipoona alichokifanya, lakini hakuikunjua. Ingerudi kwake kufuliwa hata hivyo.

Mkahawa wa taa nyekundu ulikuwa ng'ambo ya barabara, vituo viwili mbele. Walitembea, Fundi ameshika mkono wake, ameachama kidogo ili hewa ipite kooni. Ndani kulikuwa na kelele, watu wamejipanga, na namba zinaitwa mfululizo. Binti yao alikuwa kaunta amevaa kofia yenye jogoo. Alipowaona rangi ilimbadilika.

"Baba yako ameungua koo," Pasi alimwambia. "Mpe kitu baridi."

Binti hakuuliza. Kuongea na jamaa kaunta kulikatazwa, na kamera ilikuwa juu ya kichwa chake. Alipokea sarafu zilizobaki, akatoa risiti, akageukia mashine ya aiskrimu. Mashine ilipima yenyewe, ikakata, na alipobonyeza tena haikutoa hata tone la nyongeza. Akasimama na kikombe mkononi. Kisha, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyotaka, alimwita baba yake kwa kipaza sauti.

"Namba sabini na nne."

Walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyoinamia mbele kidogo, vilivyotengenezwa ili mtu asikae. Mezani kulibandikwa tangazo: *Dakika ishirini kwa kila meza. Asante kwa kuwajali wengine.* Fundi alitia kijiko cha kwanza mdomoni, akakiacha kiyeyuke chenyewe. Mabega yalishuka.

"Baridi naisikia," alisema. "Ladha hapana. Ila baridi naisikia mpaka chini."

"Kula polepole."

"Niambie ina ladha gani."

Pasi alichota kidogo sana kwenye ncha ya kijiko. "Vanila," alisema. "Sukari wamezidisha. Mwishoni inakuwa kama maziwa yaliyochemshwa yakapoa."

"Kama ile ya siku ya harusi?"

"Ile ilikuwa nzuri zaidi. Ile ilikuwa na vipande vya ndizi, ukanimwagia kwenye gauni."

"Ukafua mwenyewe usiku ule ule." Alitaka kucheka, ikatoka pumzi tu. "Tangu siku hiyo hujaacha kufua."

Pasi aliweka mkono juu ya mkono wake. Alitaka kumwambia kwamba amekosea, kwamba binti alikuwa sahihi, kwamba mlo wa mwisho wa mumewe ameutia moto kwa mikono yake na kwa fahari yake. Alimwambia, "Nisamehe."

"Kwa lipi? Nimeitwa bwana," Fundi alisema. "Mbele ya watu."

Msimamizi wa zamu alikuja akiwa na spika moja sikioni. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao, amechoka, na macho yake yalikimbilia trei za watu waliosimama wakingoja pa kukaa.

"Samahani, mama. Dakika zenu zimekwisha."

"Hajamaliza."

"Naona, lakini ni kikombe kimoja tu, na kuna wateja wamesimama. Mkiweza mmalizie nje."

"Nje kuna jua. Hawezi kula haraka."

"Mama, si mimi." Aliinua macho kidogo kuelekea darini. "Ni kamera. Wanaangalia kutoka makao makuu, meza ikichelewa tunakatwa zamu nzima."

Kule kaunta sauti ya binti yao iliita namba tisini na mbili, ikakatika katikati, ikaanza upya. Pasi aliisikia. Miaka kumi na miwili alikuwa amesema nashukuru sana, bosi, na maneno hayo yalikuja tena, yakafika mpaka kwenye meno. Alivuta kiti chake karibu na cha mumewe, akakichukua kikombe, akachota.

"Basi waambie na wao," alisema, bila kuangalia juu. "Hajamaliza."

Aliinua kijiko. Fundi alifungua mdomo. Aiskrimu ilikuwa imeanza kuyeyuka, na kikombe kilikuwa bado kimejaa nusu.