Gari la Safu Tatu

Mguu wa kulia wa Mwalimu haujui kwamba mwenyewe amestaafu. Nikimpakia kwenye gari langu, kila tukikaribia kona unainuka wenyewe na kukanyaga sakafu, pu! kutafuta breki ambayo haipo.

"Mwalimu, hilo ni zulia tu," namwambia.

"Najua," anajibu, macho yake barabarani. "Lakini umechelewa kupunguza."

Na kweli nakuwa nimechelewa. Karibu maisha yake yote alifundisha watu udereva, amekaa upande wa abiria katika gari dogo la shule, kibao cha L juu ya paa na breki ya pili chini ya mguu wake. Watu wa mji ule wakimwona njiani bado wanakaa wima, kama vile anaweza kuwanyang'anya leseni. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na gari lake mwenyewe. Alikuja kazini kwa miguu na kurudi nyumbani kwa miguu, suruali imepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, huku gari la shule likilala shuleni.

Mama alikuwa mwanafunzi wake, na ndivyo walivyojuana. Mama ni muuguzi, mkono wake hautikisiki akishika sindano, lakini mbele ya usukani alikuwa akisali kwa sauti. Alifeli mtihani, akafeli tena, na mama mdogo anaapa mpaka leo kwamba ile mara ya pili dada yake alifeli kwa makusudi. Siku alipopata leseni alikuwa tayari ana mchumba.

Kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mdomo wangu ulikuwa umechongoka tangu asubuhi hadi jioni. Baba yangu alikuwa amefariki miaka michache kabla ya hapo. Yeye alikuwa na pikipiki, na mimi nilikuwa na mahali pangu juu ya hiyo pikipiki: mbele yake, juu ya tangi la mafuta, mikono yake ikinizunguka pande zote mbili kufikia usukani. Sehemu nyingine yoyote niliyokaa baada ya hapo niliona nimeazimwa tu.

Mwalimu naye alikuwa amefiwa na mkewe. Alikuwa na binti wa rika langu tuliyemwita Kimya, kwa sababu hakufungua mdomo mpaka aulizwe, na mtoto wa kiume mdogo, Kibonge, ambaye jina lake halihitaji maelezo. Mama alikuwa na mimi na mdogo wangu Gumzo, ambaye lake nalo halihitaji. Jumla watu sita. Nyumba waliyopanga Mama na Mwalimu ili tuishi sote ilikuwa ng'ambo ya mji, mbali na shule zetu na mbali na zahanati ya Mama, kwa hiyo gari halikuwa anasa. Lilikuwa lazima, na lilikuwa lazima liwe la bei ambayo muuguzi na mwalimu wa udereva wangeiweza bila kulala njaa.

Mimi nilikuwa na jibu, na nililitoa mezani mbele ya wote.

"Nunueni gari la watu watano. Ni rahisi, tena linakula mafuta kidogo. Mimi nitakaa kwa mama mdogo."

Mama aliweka kijiko chini. Mwalimu aliendelea kutafuna, taratibu, mpaka akameza.

"Nimesikia," alisema.

Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimepanga maneno yangu yote, na yule mtu akanijibu kwa neno moja! Nililala nimenuna.

Mama mdogo mwenyewe hakukataa. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua hata macho. "Chumba cha uani kipo," aliniambia. "Lakini mwanangu, usije kwangu kwa sababu unamkimbia mtu. Njoo kwa sababu unanipenda." Nikamwambia nampenda. Akasema hilo analijua, na hilo silo alilouliza.

Tulikwenda kwenye yadi ya magari sote, siku ya jua kali. Dalali alikuwa bwana mmoja mwenye miwani ya jua juu ya kipara na maneno mengi mdomoni. Alimwona Mwalimu akaenda naye moja kwa moja kwenye gari la bluu.

Naliona mpaka leo. Lilikuwa bluu iliyoiva, la milango minne, buti refu, viti safi kana kwamba hakuna aliyewahi kuvikalia. Baadaye Mama aliniambia kwamba Mwalimu alikuwa akipita kwenye uzio wa yadi ile kila jioni akitoka kazini, ili tu alitazame. Hakuwahi kumwambia mtu. Mama alimwona siku moja kwa bahati, amesimama pale na mfuko wake wa mkononi, akasubiri mpaka aondoke ndipo naye akapita.

"Mzee, hili limekutambua," alisema dalali. "Tazama linavyokuchekea."

Mwalimu alicheka kidogo. Akafungua mlango, akaketi kwenye usukani, akaufunga. Mlango ulifungwa kwa sauti nzuri, nzito. Alikaa mle ndani muda, mikono juu ya usukani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kwao. Nikajua nimeshinda.

Akatoka. "Tuko sita," alimwambia dalali.

"Watoto hawa? Wanne nyuma wanakaa bila neno. Huyo mdogo atapakatwa."

"Na mikanda?"

"Ah, mzee! Mikanda ni ya safari ndefu."

Mwalimu alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeachia usukani ili apige chafya. Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Hatuko sita," nilisema. "Mko watano. Mimi msinihesabu."

Mama aliita jina langu kwa ile sauti yake ya onyo, lakini Mwalimu akanyoosha kiganja chini, kama anavyowaashiria wanafunzi wapunguze mwendo. Kisha akanigeukia. Alikuwa na tabia ya kumwita kila anayejifunza "dereva", hata kama hajawahi kugusa gia.

"Dereva, uliyosema mezani niliyasikia, na haya pia nimeyasikia. Hakuna mtu atakayekupakia kwa nguvu. Ukitaka kushuka kwa mama yako mdogo, tutakushusha pale pale getini na begi lako. Lakini gari nitakalonunua litakuwa na kiti chako. Kikikaa kitupu, basi kikae kitupu."

"Sasa hasara yote hiyo ya nini?" niliuliza, na sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

"Nikinunua hili la bluu, gari litakuwa limeshakujibia. Mimi nataka ujibu mwenyewe."

Akatoa leso mfukoni, akafuta alama za vidole vyake kwenye boneti ile, akaikunja leso, akaondoka. Hakugeuka nyuma. Mimi ndiye niliyegeuka.

Dalali hakukata tamaa. Alituonyesha gari moja jeusi aina ya jipu, refu, magurudumu yananifika kifuani. Lina viti saba, alisema, na akaingia nyuma kwenye buti akavikunjua viwili vya mwisho kwa mbwembwe. Wavulana walipiga kelele za furaha. Mama naye alilipenda, nilimwona anajitazama kwenye kioo cha pembeni. Mwalimu aliuliza linakunywa mafuta kiasi gani, na dalali akaanza kuzungumzia muziki wake. Basi Mwalimu akavua viatu, akapanda mpaka kule mwisho, akakaa. Magoti yalimfika kidevuni. Kichwa kilimgusa paa. Alikaa vile vile bila kulalamika, akitazama huku na huku kutafuta dirisha, na dirisha halikuwepo.

"Huku unawekwa mzigo," alisema akitoka. "Mimi sina mzigo. Nina watoto."

Lile la tatu hatukuonyeshwa. Mwalimu alilikuta mwenyewe nyuma ya yadi, karibu na bomba la maji. Jamani, lilikuwa baya! Rangi yake ilikuwa ya maji yaliyooshewa vyombo. Lilikuwa na umbo la boksi la mkate, ubavu mmoja umebonyea, ndani linanuka vitunguu. Mlango wa pembeni wa kuvuta ulitaka uinuliwe kidogo kwanza, ndipo ukubali kuteleza. Dalali mwenyewe alilionea haya, akaanza kupunguza bei kabla hatujaiuliza.

Mwalimu alilala chini kabisa na shati lake lililopigwa pasi, akachungulia uvunguni. Akaliwasha, akasikiliza injini amefumba macho. Akamwambia Mama aendeshe kuizunguka yadi, naye akawa anahama kiti hadi kiti, mzunguko mmoja kila kiti, kama mtu anayekagua vitanda vya hospitali. Alitaka kujua kila mmoja wetu angeona nini akitazama nje kutoka mahali pake. Alipofikia safu ya tatu akatoa kichwa dirishani.

"Nani atanisindikiza huku nyuma?"

Nilipanda kwa sababu jua lilikuwa kali. Nilimweleza hivyo.

"Ndiyo, kali kweli," alikubali.

Safu ya tatu ilikuwa na nafasi. Miguu yangu ilinyooka, na yake pia. Kila upande ulikuwa na dirisha lake. Mama aliondoka kwa kuruka kidogo kama kawaida yake, na mguu wa Mwalimu ukakanyaga sakafu. Nilijifanya sikuona.

"Baba yako alikuwa anakukalisha wapi?" aliniuliza.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Watu walikuwa wananiuliza kama namkumbuka.

"Mbele," nilisema. "Juu ya tangi la pikipiki."

Alifikiri. "Palikuwa pazuri hapo."

"Palikuwa na joto."

"Hapo siwezi kukupa."

"Najua."

Lakini nitasema hapa ambacho sikusema siku ile: niliogopa. Niliogopa kwamba nikikaa vizuri kwenye kiti cha mtu huyu, lile tangi litapoa, na baba yangu hatakuwa na mahali pa kunishika. Na huyu mtu alikuwa amekwenda pale pale penye hofu yangu, akapatazama, akaniambia palikuwa pazuri. Nilimpenda papo hapo, na nilikasirika kwelikweli kwa kumpenda.

Lilinunuliwa. Tulipokwenda kulichukua lilikuwa limeoshwa lakini bado linanuka vitunguu. Begi langu lilikuwa mapajani mwangu, kwa sababu njia ya nyumba mpya ilipita kwenye kona ya mama mdogo, na mpango ulikuwa ni ule ule. Mama alikaa kwenye usukani. Mwalimu alipotaka kukaa pembeni yake, Mama alimzuia. "Wewe nenda nyuma. Ukikaa hapa utanifundisha." Kwa hiyo Kimya alipata kiti cha mbele, akakaa kama malkia, wavulana wakagombania kukaa mlangoni safu ya kati, na mimi na Mwalimu tukaenda safu ya tatu. Mtu anayeshuka njiani hakai safu ya nyuma, lakini hakukuwa na nafasi nyingine.

Tukaondoka. Mguu ulianza kazi kabla hatujatoka getini. Ulikanyaga kwenye tuta. Ulikanyaga kwa ajili ya mwendesha baiskeli, kwa ajili ya dimbwi la maji, kwa ajili ya kuku aliyekuwa bado anafikiria kama avuke. Kila Mama alipokaribia chochote, pu! Gumzo alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Kisha Mama akawasha indiketa. Tiki, tiki, tiki. Kona ya mama mdogo ilikuwa mbele yetu, na mama mdogo mwenyewe alikuwa amesimama getini na kanga yake begani. Gumzo aliacha kucheka. Nilikaza mikono kwenye begi. Mwalimu alikuwa anatazama nje ya dirisha. Aliahidi hatanilazimisha, na hakunilazimisha. Hakunitazama, hata hakukohoa.

Sikuweza kumtazama usoni, kwa hiyo nilitazama chini. Gari lilikuwa linapunguza mwendo, kona imefika, na ule mguu uliokuwa umemfungia kuku breki ulikuwa umeinuka kutoka sakafuni. Uliinuka ukabaki hewani. Ulikuwa unatetemeka kidogo, kisigino juu, kidole gumba kimejikunja ndani ya kiatu kiasi cha ngozi kukunjamana, na haukukanyaga. Mwalimu hakujua kwamba ninauona.

"Mama," nilisema. "Zima indiketa."

Mama alinitazama kwenye kioo. Hakuuliza. Akaizima, na gari likanyooka na barabara. Mama mdogo anasema alituona tunampita, akainua mkono, akarudi ndani kumalizia nguo zake.

Nililishusha begi chini, kati ya miguu yetu. Mwalimu alitoa leso, akajifuta uso, akasema vitunguu vile ni vikali sana.

Kona iliyofuata Mama aliikaribia kwa kasi, kama kawaida yake. Mguu wa Mwalimu ukakanyaga sakafu, na wangu nao ukakanyaga.

"Huko nyuma kuna walimu wangapi?" Mama aliuliza.

Kimya aligeuka kwenye kiti chake cha mbele, akatutazama miguuni.

"Wawili," alisema.