Mkandarasi Aliyetuchuria

Nyumba ya mama ilikaa juu ya mteremko, na chini yake palikuwa na kipande cha kiwanja ambacho kaka alikikodolea macho tangu baba alipofariki. Alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Sikumpinga. Nilichotaka kujua ni nani atachimba, maana ili pawe na mahali pa kujenga ilibidi mteremko ukatwe, na anayelala juu ya mteremko ni mama.

Kumbe kaka alishapata mtu kabla hajatuuliza. Mume wa dada yetu mdogo ana kijiko, ile mashine ya manjano yenye mkono wa kuchotea udongo, aliyoinunua ikiwa imeshachoshwa na wenzake. Sisi tunamwita Usijali, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mwulize kama breki zinashika: usijali. Mwulize kama mtoto amepelekwa hospitali: usijali, shemeji. Ni mtu wa watu, anacheka vizuri, na hata uongo hasemi kwa makusudi. Ila asichokijua hajui kwamba hakijui, na hilo linanipandisha hasira mpaka leo.

Mimi nauza saruji na nondo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo wakandarasi nawajua kwa sura na kwa tabia. Nikamleta mmoja bila kumwomba kaka ruhusa. Mtu mkavu, salamu yenyewe anakupimia. Hakuketi. Alishuka mteremkoni na viatu vyake vya ngozi, akachimba kishimo kwa sururu, akauminya udongo kiganjani, akauliza maji ya mvua hupitia wapi. Kisha akapanda sebuleni tulikokusanyika wote, akamtazama mama usoni.

"Mama, hapa hapakatwi wima," akasema. "Panakatwa kwa ngazi, tena kila ngazi inajengewa ukuta wa mawe kabla ya kuendelea. Wakikata wima, nyumba hii itaanguka. Na wewe utakuwa umelala humu humu."

Ungedhani ametema mate katikati ya zulia. Mama alishika kifua. Dada akasema, "Mungu apishe mbali!"

"Wewe bwana, unatuchuria?" kaka akafoka. "Umekuja kutafuta kazi au kumtabiria mama kifo?"

"Nimekuja kuwaambia udongo ulivyo."

"Huo ni uchuro. Mgeni haingii kwenye nyumba ya watu akasema maneno kama hayo."

Nyumbani kwetu jambo baya halitajwi. Baba aliumwa mwaka mzima, na mwaka mzima tuliwaambia watu kwamba anapumzika. Anayelitaja baya ndiye anayeliita, na likija tunamdai yeye. Yule mkandarasi hakuyajua hayo, au aliyajua akayapuuza. Aliaga, chai yake haijaguswa.

Usijali akaona uwanja uko wazi. Alichutama mbele ya kiti cha mama mkwe wake, sauti imelainika kama uji. "Mama, mimi si mwanao? Naweza kuiangusha nyumba ya mama yangu? Usijali."

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Basi, kazi ikawa imepata mwenyewe. Kaka akatukumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji, utafikiri Usijali tulizaliwa naye tumbo moja.

"Angalau akate kwa ngazi," nikasema.

"Ngazi zinakula kiwanja," kaka akajibu. "Tutakosa vyumba vya nyuma."

"Mwanangu," mama akaniambia kwa upole, "mkwe hafundishwi kazi yake."

Usijali alikata ule mteremko kama mtu anayekata mkate. Majirani walikuja kutazama, na kweli palipendeza: ukuta wa udongo mwekundu, umenyooka, unaanzia chini kabisa mpaka karibu na dirisha la chumba cha mama. Kaka alipiga picha akanitumia, akaniuliza mkandarasi wangu yuko wapi. Nikamjibu ajenge ukuta wa mawe kabla ya mvua. Nikampigia Usijali mwenyewe, naye unajua alichoniambia.

Mvua ilipokuja ilinyesha mfululizo, na asubuhi moja, mama akiwa jikoni anachemsha maji, chumba chake cha kulala kiliteremka chote, na kitanda na godoro, kikaishia kwenye uwanja wa vyumba vya kupangisha. Ukuta wa sebule ukapasuka kutoka juu hadi chini. Nilikimbia kutoka dukani na vumbi la saruji mikononi, nikamkuta kwa jirani, amekaa miguu mitupu. Nilitaka kumshika mkono. Akauondoa.

"Yule mtu ulimtoa wapi?" akaniuliza.

"Mtu gani, mama?"

"Aliyesimama sebuleni kwangu akasema nyumba itaanguka. Haya, imeanguka. Umefurahi?"

Nilimtazama kaka nikitegemea atasema neno. Kaka amesoma, kaka anajua kuliko mimi maji yanavyoubomoa udongo. Akatazama chini akasema, "Midomo mingine ni sumu." Kando yake Usijali alikuwa analia, analia kweli, na mama, aliyebaki bila kitanda, ndiye aliyekuwa akimbembeleza. Angekuwa mtu baki tungemburuta polisi. Mkwe unamburuta wapi? Nilitamani kupiga kelele mpaka mtaa mzima unisikie.

Mama akahamia kwa kaka. Majuzi alitaka kwenda kuchukua nguo na vyombo vyake vilivyobaki, na kwa kuwa kaka alikuwa kazini, nikamsindikiza mimi. Nyumba ilikuwa imeinama zaidi, na ule ufa wa sebuleni sasa ungeweza kupitisha mkono mzima. Dari lilikuwa limeshuka upande mmoja, na kila upepo ulipovuma lilidondosha mchanga.

"Mama, niingie mimi," nikasema.

Akanigeukia mlangoni, ufunguo mkononi. "Kwa nini uingie wewe? Mimi nina nini?"

Jibu lilikuwa limefika ulimini. Akaniona.

"Sema," akasema. "Sema tena, nikusikie. Halafu likinipata, watu wajue limetoka kwa nani."

"Sina la kusema, mama."

Akaingia. Nami nikaingia nyuma yake, nikasimama chini ya lile dari, mdomo nimeufumba, nikamwangalia mama yangu akikunja nguo zake polepole, moja baada ya nyingine.