Kipa wa Mapanki

Dorcas Luhende alianza kudaka mpira kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kusimama golini. Wakati huo alikuwa mkata minofu katika kimojawapo cha viwanda vya sangara vilivyoota ufukweni Mwanza baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Wasichana walivaa gambuti na aproni nyeupe, wakasimama mezani kutwa nzima wakichuna samaki wengine wakubwa kama mtoto wa shule. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Vichwa na mifupa, yale mapanki, vilibaki kwa watu wa Mwanza kukaanga na kula.

Zamu ikiisha walicheza mpira kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya kiwanda. Wanaume waliokuwa wakipita waliwacheka.

"Njooni muone! Mapanki yanacheza!"

Aliyewajibu alikuwa Hellen Masalu, mshambuliaji mwenye mguu wa kushoto na mdomo usiolala. "Ndiyo sisi," alisema. "Sogeeni mkwame mifupa kooni."

Jina likashika. Haukupita muda mrefu Mapanki wakawa wanazifunga timu zote za wanawake mjini, nazo zilikuwa chache, na hata timu moja ya madereva wa malori walioingia uwanjani wakitania na kutoka wamenuna.

Dorcas na Hellen walikaa chumba kimoja Igogo. Walichangia kitanda, jiko la mkaa na viatu vya kwendea kanisani, kwa hiyo mmoja alikwenda misa ya kwanza na mwingine ya pili. Jioni wenzao wakishaondoka, wao walibaki uwanjani. Hellen alipiga, Dorcas aliruka.

"Una haraka," Dorcas alimwambia siku moja, akijifuta vumbi midomoni. "Ukifika mbele yangu unapiga tu. Subiri. Mimi ndiye nitakayeogopa kwanza. Nikianza kuanguka, upitishe."

Hellen alijaribu mpaka giza likaingia. Baada ya hapo, katika mechi za mjini, makipa walikuwa wakianguka peke yao.

Mwaka ule wa tisini na saba ulikuwa mbaya kwa mpira wa nchi. Timu ya taifa ya wanaume ilifungwa nyumbani, ikaenda ugenini ikafungwa tena. Timu ya vijana, ambayo watu walikuwa wameanza kuiwekea matumaini, ilitolewa kwa penalti. Magazeti yaliandika kwa hasira. Ndipo likaja jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: kampuni moja ya sabuni ilisema iko tayari kuidhamini timu ya taifa ya wanawake, icheze na majirani zetu. Timu yenyewe haikuwapo. Ilibidi iundwe.

Aliyeleta habari Mwanza alikuwa Mwalimu Muganyizi. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu wa maneno laini na mashati yaliyopigwa pasi, aliyeacha kazi ya ualimu wa michezo mshahara uliposhindwa kulisha nyumba. Alikuwa akiwafundisha Mapanki bila malipo kwa misimu miwili. Yeye ndiye aliyemwonyesha Dorcas namna ya kutoka golini kufuata krosi bila kufumba macho, na Dorcas alimheshimu kama baba yake mdogo.

"Nimepewa kazi ya kuandaa timu," aliwaambia, wakiwa wamekaa chini kumzunguka. "Msingi wa timu ya taifa ni ninyi. Watakuja wachache kutoka Dar kuongezea. Mechi itachezwa mwezi wa tisa. Lakini kambi ni ya kulala. Asiyeweza kulala kambini aseme sasa."



Msimamizi wa zamu pale kiwandani, bwana mmoja aliyeitwa Mihayo, hakutaka kusikia habari za ruhusa. "Hapa si serikalini," alimwambia Dorcas. "Ukitoka, kisu chako anashika mwingine. Wako getini tangu alfajiri, umewaona."

Dorcas alikuwa amewaona. Alikuwa pia na mama mgonjwa huko Magu aliyemtegemea yeye. Alifikiri kwa siku kadhaa, kisha akamuuliza Mwalimu mbele ya wenzake wote.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba uniambie ukweli. Nikiacha kazi, nitacheza?"

"Marahaba, Dorcas. Kipa wa kwanza ni wewe. Sijaona mwingine."

Akavua aproni, akairudisha.

Walipiga kambi Nyegezi, katika bweni la shule iliyokuwa likizo. Mwalimu aliwakimbiza kwenye vilima vya mawe mpaka wengine wakatapika. Walikula ugali na sato, wakaimba wakifua jezi, wakafundishana wimbo wa taifa upya kwa sababu baadhi yao walikuwa wameusahau ubeti wa pili. Dorcas alikuwa nahodha. Usiku alilala akijiona amesimama mstarini, mkono kifuani, na mama yake akisikiliza redio ya jirani.

Mwishoni mwa Agosti Mwalimu alikwenda Dar kwenye kikao. Aliporudi aliwakusanya chini ya ukuta wa bweni. Hakuwatazama usoni, lakini siku ile walidhani ni uchovu wa treni.

"Wageni wamejitoa," alisema. "Mechi haipo. Mfadhili amesema tusubiri mwakani. Poleni sana, wanangu. Rudini makwenu."

Kashindye, beki wao wa kati, alilia kwa sauti. Dorcas hakulia. Alizunguka akiwashika mabega mmoja mmoja, akiwaambia mwakani si mbali. Mwalimu alipomwona hivyo aligeuka akaingia ndani.

Kiwandani kisu chake kilikuwa kimeshikwa na mwingine kweli. Mihayo alimpokea kama kibarua wa kutwa, wa kusukuma mikokoteni ya mapanki kuyapeleka kwa wanunuzi nje ya geti. Hellen alipata nafasi kwenye kusafisha sakafu. Usiku walilala wakipeana migongo, na Dorcas alidhani ukimya ule ni wa huzuni yao wote wawili.

Wiki chache baadaye Hellen aliingia chumbani akiwa amejifunga kanga kichwani.

"Mama mdogo amefariki," alisema. "Yule wa Sengerema. Aliyenilea."

Dorcas alimkumbatia. Alikwenda kwa wenzao wa kiwandani, akawaomba chochote cha kupeleka msibani, akarudi na unga, sukari na kanga mpya. Alimwomba Mihayo amwache ashike zamu za Hellen ili nafasi yake isipotee. Asubuhi ya safari alimsindikiza mpaka kwenye kivuko cha Kamanga, akiwa amejitwisha mfuko wa unga. MV Bukoba ilikuwa imezama mwaka uliotangulia, na watu walikuwa bado wakipanda vyombo huku wakisali. Hellen alikuwa akiyaogopa maji kuliko wote.

"Kaa katikati," Dorcas alimwambia. "Usitazame pembeni. Ukifika watumie watu salamu, nijue umefika."

Hellen aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa wingi, akashindwa kuaga. Dorcas alisimama gatini mpaka kivuko kikawa kidogo, naye akimwombea.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Dorcas alipita kwa Mama Malimi, mwenye mgahawa karibu na geti la kiwanda, kunywa chai. Mgahawa ulikuwa umejaa wanaume kuliko kawaida. Redio ilikuwa juu ya kabati, imefunguliwa mpaka mwisho.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Mpira," Mama Malimi alijibu. "Wanawake wenzako wanacheza na majirani. Kwani hujui? Si nilidhani na wewe umo?"

Dorcas alikaa. Alijiambia labda ni timu nyingine, labda ni bonanza tu. Kisha wimbo wa taifa ukapigwa, na mtangazaji akaanza kuwataja wachezaji. Golini alitaja jina ambalo Dorcas hakulijua. Mabeki hakuwajua. Akamtaja kocha msaidizi, Muganyizi, kutoka Mwanza. Na mwisho, mshambuliaji wa kushoto.

"Hellen Masalu."

Chai ilimmwagikia gauni, akaiacha imwagike.

Kwanza akili yake ilikataa. Hellen yuko Sengerema, yuko matangani, amevaa ile kanga. Lakini mtangazaji aliendelea kumtaja: Hellen anapokea, Hellen anawapita wawili, Hellen anaanguka. Majirani walipata bao la kwanza kwa krosi, na wanaume wakamlaani kipa. Dorcas alikuwa amesikia krosi ile ikipigwa, na bila kujua, miguu yake ilikuwa imeshasogea chini ya meza.

Kipindi cha pili mtangazaji alipaza sauti. "Hellen yuko yeye na kipa! Anasubiri... anasubiri jamani... kipa ameanguka... goli!"

Mgahawa mzima uliruka. Mtu mmoja alimkumbatia Dorcas begani, akipiga kelele kwamba huyo ni binti wa hapa hapa, mkata minofu! Dorcas alimtoa mikono polepole. Alitoka nje, akaenda nyuma ya mgahawa palipoanikwa mapanki, akakaa huko mpaka kelele zikatulia.

Mechi iliisha sare. Mwalimu Muganyizi alirudi Mwanza kuchukua familia yake, kwa kuwa alikuwa amepewa kazi huko Dar, ya kuwafundisha vijana wa timu ya taifa. Dorcas alimfuata nyumbani kwake Nyegezi. Alimkuta uani akifunga magodoro kwa kamba. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakumwamkia.

Mwalimu aliona. Aliacha kamba.

"Dorcas, maamuzi yalitoka juu. Walitaka timu ya Dar, ili wagharimie kambi moja. Wakaniachia nafasi ya mchezaji mmoja tu."

"Mechi ulisema haipo."

"Ningewaambia mngefanya fujo. Magazeti yangeandika, mfadhili angekimbia. Mngekosa wote, na Hellen naye angekosa."

"Na wewe ungekosa."

Mwalimu alitazama magodoro. "Nina watoto wanne," alisema.

"Mimi nilikuuliza, Mwalimu. Mbele ya watu. Nilikuuliza kwa sababu nilijua utaniambia ukweli." Mkewe Mwalimu, Prudencia, alitoka na chai kwenye sinia. Aliwatazama wote wawili, akarudi nayo ndani.

Hellen alirudi siku mbili baadaye. Aliingia chumbani akamkuta Dorcas anafunga vitu vyake kwenye mfuko. Alibaki mlangoni.

"Ulishukia wapi?" Dorcas aliuliza bila kugeuka.

"Nini?"

"Siku ile. Nilisimama gatini mpaka mwisho."

Hellen alikaa kitako pale pale kizingitini. "Kamanga, ng'ambo. Nilimpa mama mmoja ule unga, nikageuza na kivuko hicho hicho. Jioni nikapanda treni."

"Ulivuka maji bure. Wewe unavyoyaogopa."

"Nilijua utanisindikiza, Dorcas. Mwalimu alisema nikikwambia hutakubali niende."

"Naye mama mdogo?"

"Yu hai."

Dorcas aligeuka sasa. "Ungeniambia ningekufulia jezi. Ningelia, ndiyo. Ningelala siku nzima nikilia. Halafu ningekusindikiza stesheni badala ya kivukoni, na Jumapili ningewaambia wale wanaume kwamba huyo anakaa kwangu."

Hellen alifunika uso. Dorcas alimruka miguu, akatoka na mfuko wake. Alipata chumba Buhongwa, mbali na kiwanda, na kila alfajiri alitembea sehemu kubwa ya njia kwa miguu.

Timu ya taifa ya wanawake haikuitwa tena. Timu ya wanaume ilishinda mechi moja ya kirafiki, na tangazo la sabuni likahamia kwao. Hellen alisubiri barua kutoka Dar mpaka masika, kisha akaacha kuulizia. Mapanki waliendelea kucheza kwenye kiwanja chao cha vumbi, safari hii bila kocha, Dorcas akiwapanga mwenyewe.

Jioni moja, kabla ya mechi na timu nyingine ya mjini, Hellen alikuja na daluga zake mkononi. Wachezaji waliacha kukimbia. Kashindye alisema kwa sauti kwamba msaliti hana jezi hapa, na wengine wakaitikia. Hellen alimtazama Dorcas, na wote wakamgeukia nahodha wao.

"Timu hii si yangu," Dorcas alisema. "Na mshambuliaji hatuna. Avae."

Hellen alimfuata mpaka golini. "Umenisamehe?"

"Nimesema uvae."

"Dorcas—"

"Nenda mbele, Hellen. Mpira unaanza."

Walicheza. Hellen alikuwa amepungua mwili lakini mguu wake ulikuwa ule ule, na kabla ya mapumziko alifunga bao zuri kutoka mbali. Wenzake walisitasita kidogo, kisha wakamkimbilia, hata Kashindye, kwa sababu bao ni bao. Hellen, akiwa katikati ya mikono yao, aligeuka kutazama upande wa pili wa uwanja.

Dorcas alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa akiyasogeza kwa mguu mawe mawili yaliyofanywa nguzo za goli, akipima upana upya.