Ngamia wa Kitovu wa Nasteho

Habibo alikuwa akitia iliki kwenye birika, baada ya sala ya alasiri, kaka yake Jelle alipoingia uani kwake mtaani Galbet akavua viatu mlangoni. Walikuwa wamemzika Jelle Ijumaa. Habibo akamsogezea mto wa kuegemea.

"Umemaliza kazi yangu, abaayo, dada yangu?"

"Kunywa chai kwanza."

Kazi ilikuwa imebaki kidogo. Jelle alimwachia Habibo wosia wake ausimamie, na Habibo alikuwa amekwisha kufikisha karibu vyote: msala kwa imamu, redio kwa Elema, jirani Mborana aliyemuuguza na kumkata kucha bila kuombwa. Mbuzi walikwisha kugawiwa warithi. Akabaki ngamia jike mmoja, ngamia wa kitovu wa Nasteho, binti wa mwisho wa Jelle, ambaye huuza maziwa yake sokoni. Nasteho alipewa ngamia huyo siku aliyozaliwa, kama wanavyopewa watoto wa wafugaji, kwa hiyo ngamia hakuwa urithi wa mtu. Lakini Jelle, kwa mazoea, alimpiga chapa yake mwenyewe, na sasa wanawe Deeq na Abdinasir walikuwa wamemswaga hadi Hulugho, mbali kule mpakani, pamoja na ngamia wao.

Habibo akaongozana na Jelle kwa wazee. Wakamwitikia Jelle salamu, wakamuuliza habari za huko kaburini. Jelle akasema ngamia ni wa Nasteho.

"Tunakuamini," akasema mzee Alio. "Lakini maiti hana usemi katika mali. Chapa inao."

"Chapa niliipiga mimi."

"Ndiyo. Ulikuwa hai."

Jelle akacheka mpaka akashika mbavu. Habibo naye.

Tangu hapo, kila asubuhi Jelle huenda Hulugho kwa miguu akamkama ngamia, na kabla ya magharibi huwa amefika kwa Nasteho na kibuyu cha maziwa, bado yana joto la kiwele. Nasteho humfuta vumbi miguuni kabla ya kupima maziwa.

Deeq akampigia simu shangazi yake Habibo kumlalamikia baba yake. "Eeddo, mwambie aabo atuachie hata maziwa ya chai."

"Mrudishie dada yako ngamia wake."

"Wazee wameshakata shauri, eeddo."

Ngamia bado yuko Hulugho, na chapa ni ileile. Kwa kuwa kazi ya wosia haijaisha na Jelle bado hupitia chai, Habibo amemnunulia kaka yake kikombe chake mwenyewe, kikubwa kidogo, maana anatoka mbali.